Unafikia kwa nani?

Baridi ya huku ikianza kulegea, kwenye mwezi wa Machi hivi, simu za familia zetu hazilali tena. Walioko Masqat wanauliza, walioko Dubai na Doha wanajibu, na sie tulioko pembezoni mwa Washington, wengine upande wa Maryland na wengine upande wa Virginia, tunaamka alfajiri tunakuta ujumbe mia na zaidi kwenye grupu la familia. Habari ni ile ile: mwaka huu tukutane wote Unguja, wiki mbili au tatu, skuli zikifungwa. Skuli za huku hufungwa katikati ya Juni na kufunguliwa mwisho wa Agosti, na za Oman na Imarati zinakaribiana na hizo, kwa hiyo Julai ndiyo nafasi ya wote. Hapo hakuna ubishi. Ubishi unaanza mtu anapouliza: tunafikia wapi?

Mie nimesomesha Jiografia miaka mingi katika sekondari ya wamisheni kule Mombasa, mtoto wa Kiarabu katikati ya masista, na mwalimu hata akistaafu mkono wake hauachi kusahihisha. Swali hilo limekosewa. Wazee wetu hawakuwa wakiuliza "unafikia wapi". Ukishuka bandarini Malindi na sanduku lako, mtu wa kwanza kukutana naye alikuuliza "unafikia kwa nani?" Ukimtaja mtu, umeshapata mchukuzi, umeshapata wa kukuonesha njia, na habari zako zinafika nyumbani kabla ya miguu yako. Leo tunajibu kwa jina la hoteli na idadi ya nyota.

Msimamo wangu nauweka hapa juu ili nisimchoshe mtu. Familia inayokwenda Unguja na watoto na wazee, na ina jamaa kule, isichague mahali pa kulala kwa kuangalia ufuo kwanza. Ichague kwa kuangalia mlango: nani ataweza kuingia kuja kukuoneni, saa ngapi, na kwa kuulizwa maswali mangapi. Ufuo uje baadaye. Ufuo haukimbii.

Nasema hivi kwa sababu ya jambo lililowapata jamaa zangu wa Virginia miaka miwili iliyopita. Walichukua vyumba vitatu katika hoteli moja kubwa ya ufukweni, kila kitu kimelipiwa, chakula, vinywaji, michezo ya watoto. Siku ya tatu shangazi yao, mwanamke wa miaka themanini na kitu, akaondoka mjini na mjukuu wake kwa gari ya kukodi, zaidi ya saa nzima njiani, amebeba mkate wa kumimina na sambusa alizozianza tangu usiku. Getini mlinzi akamuuliza jina la mgeni na namba ya chumba. Namba hana. Jina analo, lakini analolijua ni lile la nyumbani, la utotoni, ambalo haliko kwenye pasipoti wala kwenye kompyuta ya hoteli, na vyumba vyenyewe vilikuwa vimeandikwa kwa jina la mkwe. Simu za wenyeji wake zimebaki chumbani, wao wako bwawani. Akaambiwa akitaka kuingia kama mgeni wa kutwa kuna malipo, na akaambiwa kiasi chake. Alikaa kwenye kijikiti cha mlinzi karibu saa nzima, kisha akaacha kikapu akarudi mjini. Kikapu kilifika chumbani jioni, na kikaratasi.

Simlaumu yule mlinzi. Kijana wa watu yuko kazini, na ameambiwa asipitishe mtu asiyekuwa kwenye orodha. Wala hoteli haijavunja sheria yoyote, kwani inauza utulivu na geti ni sehemu ya bidhaa yenyewe. Ninachosema ni kuwa sie hatukwenda kununua bidhaa hiyo. Ukitoka Dulles unapita Doha au Addis Ababa, unamaliza siku nzima njiani na zaidi. Mtu mzima mwenye pasipoti ya Marekani hulipa visa dola 100, na ile bima ya lazima ya Zanzibar iliyoanza Oktoba 2024, dola 44. Familia yenye watu wazima watano imeshatoa dola 720 kabla hata ya kulala usiku mmoja, na tiketi bado sijazitaja. Gharama hiyo yote, halafu shangazi anakaa kwenye kijikiti cha mlinzi!

Tuhesabu miaka. Aliyekuwa na miaka ishirini wakati wa Mapinduzi ya Januari 1964 leo amevuka themanini. Wengi wao wameshatutoka, walioko Unguja na walioko Masqat, Mola awarehemu. Waliobaki hawapandi tena ndege kuja kutuona, miguu haiwezi, na visa ya Marekani si mchezo. Sisi ndio tunaokwenda, na tukienda ni baada ya miaka mitatu au minne. Kwa hiyo safari hizi tunazozipanga kwa picha za bwawa, kwa baadhi ya wazee ndiyo mara ya mwisho kuwaona hawa watoto.

Na liko suala la lugha, ambalo mie kama mwalimu linaniuma. Wajukuu zetu wa Silver Spring na Falls Church wanafahamu Kiswahili lakini wanajibu kwa Kiingereza. Wenzao wa Masqat wanafahamu lakini wanajibu kwa Kiarabu. Waweke pamoja katika bwawa la hoteli kwa siku kumi, watazungumza Kiingereza tu, na wafanyakazi wa hoteli nao, waliofunzwa kumsemesha mgeni Kiingereza, watawaitikia kwa Kiingereza hicho hicho. Mtoto hujilazimisha lugha pale anapokutana na mtu ambaye hana lugha nyingine, au anayo lakini hataki kuitumia. Bibi aliyekaa barazani akisema "njoo hapa, wewe mtoto wa nani?" lazima ajibiwe. Muuza maembe wa Darajani hali kadhalika. Mwaka 2018 makumbusho ya sanaa za Afrika ya Smithsonian, hapa hapa Washington, yaliweka maonyesho makubwa ya sanaa za Waswahili na Bahari ya Hindi. Nikawapeleka wajukuu, wakatazama vizuri, wakasoma maandishi yote kwa adabu, mikono nyuma. Ni jambo zuri, nilishukuru. Lakini vitu vya kwao waliviona nyuma ya kioo, na hoteli yenye geti ni kioo vilevile, kimepakwa rangi ya buluu tu.

Sasa tuje kwenye ramani, maana najua mtu ataniambia: mwalimu, maneno mazuri, lakini watoto wanataka bahari. Wapewe bahari. Ila muijue kwanza.

Unguja haina ufuo mmoja wa namna moja. Upande wa mashariki, kuanzia Matemwe na Kiwengwa kuteremka mpaka Bwejuu, Paje na Jambiani, mwamba wa matumbawe uko mbali na nchi kavu, na baina ya mwamba na mchanga ni maji ya kina kifupi. Yakipwa, yamekwenda kweli. Unatoka na taulo lako unakuta bahari iko kule mbali inang'aa, na mbele yako ni mchanga, vidimbwi, na wanawake wa mwani wanainama kwenye mashamba yao waliyoyapanga kwa kamba na vijiti. Kwa mtoto mwenye akili hiyo ni skuli ya bure, atembee na viatu vya maji aone kiti cha pweza, aone nyota za bahari, awasalimie akina mama walioko kazini. Lakini kama umemuahidi kuogelea asubuhi mpaka jioni, hapo umemuongopea. Picha zote za kwenye mtandao hupigwa maji yakiwa yamejaa. Sijaona hata hoteli moja iliyoweka picha ya saa nne asubuhi siku ya bamvua.

Kaskazini, Nungwi na Kendwa, kina kiko karibu na ufuo, na hata maji yakipwa mtu anaoga. Ndiyo maana kule kumejaa, na ndiyo maana kuna bei. Kendwa inatazama magharibi, kwa hiyo Julai na Agosti, kusi ikivuma, maji yake yametulia. Paje wakati huo upepo unapiga kisawasawa, vijana wa Kizungu wanaburutwa na vishada juu ya maji kutwa. Wanaburudika, lakini bibi mwenye baridi yabisi hawezi kukaa nje na upepo ule.

Na hapa nawapa jambo ambalo hakuna tovuti ya hoteli itakayokuambieni, nalo wazee wetu walikuwa nalo kichwani bila ya kusoma popote. Bahari inafuata mwezi, na kalenda yetu ya Kiislamu inafuata mwezi, kwa hiyo kalenda ya ukutani ya msikitini inatosha. Mwezi unapoandama, na unapotimia tarehe 14 na 15, na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji yanajaa sana na yanapwa sana, tofauti inaweza kukaribia mita 4. Siku hizo maji hujaa alfajiri na tena alasiri kwenye saa kumi, na hupwa asubuhi saa nne hivi, ile saa watoto wamemaliza chai na wanataka kuingia baharini. Tarehe 7 na 8, na 21 na 22, ni maji mafu: hayajai sana wala hayapwi sana, na mchana kati unayakuta yako karibu. Basi ukiwa unataka siku tatu za pwani ya mashariki na watoto, zipange kwenye maji mafu. Ukiwa unataka kwenda mwambani kutazama viumbe, panga bamvua. Hii haina gharama yoyote, unafungua kalenda tu kabla ya kufungua pochi.

Kutoka mjini hadi Nungwi ni kama kilomita 60, na mpaka Paje kama 50. Si mbali kwa mtu aliyezoea kuendesha kutoka Gaithersburg kwenda kazini mjini kila siku. Kwa mgonjwa wa sukari mwenye miaka sabini na tano aliyezidiwa usiku, ni mbali sana. Hospitali ya Mnazi Mmoja iko mjini. Na dawa ya sindano inataka friji, na friji inataka umeme usiokatika, au jenereta inayowaka kweli, si ile inayoandikwa tu kwenye tangazo.

Mtu atasema basi tukae Mji Mkongwe, katikati ya watu. Mie naupenda Mji Mkongwe kuliko mahali popote duniani, mamangu ni mzaliwa wa Kiponda, na UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2000. Lakini mapenzi yasitufumbe macho. Nyumba za mji ule zilijengwa kwenda juu, na ngazi zake ni za kupanda farasi si binadamu. Gari haifiki mlangoni, unaishia barabarani, sanduku linabebwa kwenye vichochoro. Mwenye goti bovu akishapanda orofa ya tatu jioni ya kwanza, ndiyo amepanda, hateremki mpaka siku ya kuondoka. Kama familia yenu ni vijana na watoto wakubwa, chukueni nyumba Malindi, Kiponda au Shangani bila ya kufikiri mara mbili. Usiku mnateremka Forodhani, asubuhi mnasikia adhana kutoka misikiti mitano kwa pamoja, mtoto anatumwa mkate na anarudi nao. Kama mna wazee, Mji Mkongwe uwe wa kutembelea mchana.

Nyumba yenyewe, kwa familia ya vizazi vitatu, iko katika mitaa ya kusini ya mji ambayo watalii hawaijui: Mazizini, Mbweni, Chukwani, Kiembesamaki. Huko kuna nyumba za kukaa watu, zenye ukuta, uwanja, maegesho, vyumba vinne au vitano, jiko kamili, na chumba cha chini chenye choo chake. Bahari iko karibu, uwanja wa ndege uko karibu, mjini ni dakika chache. Wengi wa wenye nyumba hizo ni watu wetu walioko Ghuba na Uingereza, wamejenga kwa jasho lao na wanakuja mara moja kwa mwaka. Wengine siku hizi wamenunua fleti kule Fumba, pia si vibaya, ingawa Fumba ni mbali kidogo na jamaa hawafiki kwa urahisi. Chukueni nyumba moja kama hiyo kwa wiki nzima au siku kumi. Kisha wanaotaka pwani waende Kendwa au Jambiani siku tatu, kwenye maji mafu, na wazee wabaki nyumbani na wageni wao.

Wamarekani wa huku, tunaowasema kuwa hawana jamaa, hili wanalifanya kila mwaka. Ikifika Julai, Ijumaa jioni, daraja la Chesapeake Bay linajaa magari mpaka basi, watu wanakwenda Ocean City, wengine wanateremka mpaka Outer Banks ya North Carolina. Nyumba kubwa moja, Jumamosi mpaka Jumamosi, babu na bibi, ndugu watatu na wake zao, watoto kumi, kila familia inapika siku yake. Hawagawanyiki katika vyumba vya hoteli vyenye funguo za kadi. Sie tuliotoka katika nyumba zenye baraza ndio tunaokwenda kujifungia!

Sasa nijibu waliokwisha kunijibu, maana rasimu ya haya niliisoma kwenye grupu letu la kina mama wa Maryland, na sikusalimika.

Wa kwanza, mama mmoja muuguzi, alisema: "Mwalimu, mie nafanya kazi zamu za usiku mwaka mzima. Nyumba ina maana nitapika. Hoteli ina maana nitakaa." Ana haki, na wanaume wanaosoma hapa wasipite haraka. Nyumba ya familia ikiwa ni mahali ambapo wanawake walewale wanahamisha jiko lao kutoka Silver Spring kwenda Mazizini, basi hiyo si likizo, ni uhamisho wa kikazi. Jawabu ni mpishi. Lamu wameshalitatua hili zamani: ukikodi nyumba nzima Shela au mtaa wa Mkomani, mara nyingi mpishi na mtu wa usafi wamo ndani ya makubaliano. Unguja watu hao wapo, majirani wanawajua. Mlipeni vizuri, mkubaliane kwa maandishi siku na saa zake, na asubuhi mmoja wa wanaume aende naye Darajani kununua samaki. Fedha hizo zinabaki mtaani. Chakula cha hoteli kilicholipiwa mapema mnakilipia hata siku mliyoalikwa biriani kwa ami, tena siku mtakazoalikwa ni nyingi.

Wa pili alisema jambo la haya, na ni la kweli. Wanawake wetu wengi hawaogi mbele za watu. Katika hoteli za ufukweni, bwawa liko katikati, pombe iko pembeni, na mama mwenye buibui lake anamaliza siku kumi amekaa kivulini kulinda mataulo ya wenzake. Nyumba yenye ukuta mrefu na kijibwawa chake inampa mama huyu saa zake za kuoga na watoto wa kike bila ya jicho la mtu. Kwenye matangazo ulizeni urefu wa ukuta, na kama ghorofa ya jirani inachungulia. Picha ya bwawa peke yake haisemi kitu.

Wa tatu hakusema kwenye grupu. Alinipigia simu usiku. Ni mzee wa kiume, kaka wa rafiki yangu, na yeye hajarudi Unguja tangu alipoondoka. Akaniambia: "Hoteli ya pwani naiweza. Ni kama nchi nyingine. Mjini siwezi, nitapita mbele ya nyumba yetu."

Hili linataka pole pole. Baada ya 1964 nyumba nyingi za watu wetu zilitaifishwa, wengine waliondoka na nguo walizovaa, na wengi walipokelewa Oman baada ya 1970, Sultan Qaboos alipofungua mlango. Leo baadhi ya nyumba kuu za Mji Mkongwe ni hoteli. Mambo Msiige ya Shangani, iliyojengwa na Mwarabu katika karne ya 19, sasa ni sehemu ya hoteli ya kimataifa iliyofunguliwa mwaka 2015. Liko jambo zito katika kulipia kwa dola, kwa usiku, paa ambalo lilikuwa la mtu wako. Wengine wanaweza, hata wanafurahi kulala mle. Wengine hawawezi, na asiyeweza asilazimishwe na wajukuu wenye kamera.

Lakini nilimwambia yule mzee, na nawaambia wenzake walioko Masqat na Dubai: ufuo wa hoteli hautakuficha. Watoto watauliza tu, bibi alizaliwa wapi, na dereva ndiye atakayewajibu, kwa anavyojua yeye. Afadhali wewe. Nenda mchana, mara moja, na mtoto mkubwa mmoja au wawili wanaoweza kunyamaza. Onesha mlango, taja majina ya waliokaa ndani, chumba kwa chumba kama unakumbuka. Ukiwakuta waliomo sasa, wasalimie. Wengi wao wamezaliwa humo, hawakumfukuza mtu. Hukumu ya mali haipatikani kizingitini, na mtoto hapaswi kurudi Virginia na ugomvi aliopewa likizo. Arudi na anwani. Ukimaliza, rudi Mazizini ukanywe chai. Kwa safari ya namna hiyo nyumba iliyo dakika kumi kutoka mjini inafaa kuliko hoteli ya saa nzima, kwani huwezi kujua mzee atataka kukaa pale dakika mbili au mchana kutwa.

Neno dogo kuhusu Pemba, kwani nusu ya wasomaji wa Ghuba asili yao ni Wete, Chake na vijiji vyake, na watanikasirikia. Pemba haina tabu hii. Hoteli ni chache, jamaa ni wengi, na Julai karafuu zinaanza kuanikwa mpaka harufu inakupokea njiani. Wa Pemba bado wanauliza "unafikia kwa nani". Tatizo la Pemba ni kuwa ukifikia kwa mmoja, tisa wamenuna.

Kwa mwaka huu basi, kabla mtu hajalipa rubuni, aandike ujumbe kwa mwenye nyumba au hoteli na asubiri majibu ya maandishi. Aulize chumba cha chini kipo na kina choo cha kukaa. Aulize jenereta inawasha nyumba nzima au taa za nje tu. Vyandarua vipo kwa kila kitanda, kwani watoto waliozaliwa huku hawana kinga yoyote na madaktari wao huwapa vidonge vya malaria kabla ya kusafiri. Aulize msikiti wa karibu uko wapi, na pombe inauzwa wapi. Halafu aandike hivi: "Tuna jamaa wanaoishi mjini. Watakuja kututembelea kila siku, pengine watu sita au saba pamoja, wengine bila ya taarifa, na watakuja na chakula chao. Tafadhali tufahamishe utaratibu wa getini."

Wengine watajibu kwa bei kwa kila kichwa. Wengine watajibu kuwa chakula cha nje hakiruhusiwi. Mmoja, mwenye nyumba ya Mbweni anayeishi Masqat, alimjibu binti yangu wiki iliyopita kwa ujumbe wa sauti: geti halina mlinzi, lina kengele, na kengele yenyewe imeharibika, kwa hiyo wageni wapige hodi kwa nguvu.

Tumeichukua hiyo.